Herufi 160 na kondoo aliyepotea

Wasomaji wangu, ukitaka kujua ufupi wa matangazo ya mtandaoni ulitoka wapi, usianze na walimu wa insha. Anza na simu. Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mmoja wa waliounda viwango vya GSM, alikaa kwenye taipureta mjini Bonn akapiga sentensi za kawaida na kuzihesabu. Nyingi hazikufika herufi 160. Ujumbe mmoja wa SMS hubeba baiti 140, yaani biti 1,120; gawanya kwa biti 7 za kila herufi, unapata 160 hizo. Twitter, iliyoanza mwaka 2006, ilikuja kutenga 20 za jina la mwandishi, ikabakiza 140. (Zimefanana na zile baiti kwa bahati tu.)

Mwalimu wangu katika jambo hili ni Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, Nakuru. Mwaka 2012 habari zake zilienea duniani. Alipigiwa simu saa kumi alfajiri kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akaandika Twitter. Dakika chache baadaye majirani walikuwa nje ya nyumba hiyo na wezi wametoroka. Wengi walipokea ujumbe wake kwa SMS, kwenye simu za bei nafuu zisizo na intaneti. Huduma hiyo Twitter iliizima karibu kote mwaka 2020. Aliwahi pia kutangaza kondoo aliyepotea: rangi yake, kamba ya nailoni shingoni, na mwenyewe ni nani. Basi. Hakuna "napenda kuchukua fursa hii".

Huku kwetu kuna tatizo ambalo chifu hakuwa nalo. Kiminini ni soko kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye, ni wadi, na tangu uchaguzi wa 2013 ni eneo bunge pia. Ukiandika "ng'ombe ameibwa Kiminini, saidieni", mtu wa Sikhendu na mtu wa Waitaluk wote wako Kiminini! Kila mmoja atadhani ni kwa mwenzake, na ng'ombe anazidi kwenda. Andika kijiji, rangi, saa, alielekezwa wapi, na nambari ya kupiga. Kulalamikia serikali kuwe ujumbe mwingine.

Tena kuna mtego ambao wengi hawaujui. Simu za kisasa hupenda kuweka kipashio cha "ng'ombe" kilichopinda. Alama hiyo haimo katika herufi za msingi za GSM, kwa hiyo SMS nzima hugeuzwa kuwa ya biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Emoji moja hufanya vivyo hivyo. Anayetumia watu mia tano tangazo la herufi 100 hulipia SMS elfu moja. Katika programu zangu za SMS, alama hiyo hunyooshwa kabla ujumbe haujaondoka.