Mfuko mmoja, etiketi mbili: historia fupi ya atributi

Mtu wa Masisi ao Walikale hahitaji kufundishwa etiketi ni kitu gani. Mwaka 2014, mifuko ya koltani ya Rubaya ilianza kufungwa etiketi zenye namba, ili mnunuzi ajue madini yametoka wapi.

Kwenye kompyuta wazo hilo liko la zamani zaidi. Mwaka 1969, Goldfarb, Mosher na Lorie wa IBM walianzisha GML: kila sehemu ya maandishi inafungwa tagi inayosema hii ni kitu gani. Mwaka 1986 ikazaa SGML, kanuni ya kimataifa ISO 8879. Tim Berners-Lee akaifuata alipotengeneza HTML. Ndani ya tagi munawekwa atributi, ni kusema jina na thamani yake:

<mfuko toka="Rubaya">

Shida ikatoka wapi? SGML na HTML ziliruhusu kuacha alama za nukuu. Sasa andika toka=Walikale Bisie. Kompyuta inakata kwenye nafasi: thamani inabaki Walikale, Bisie inageuka atributi nyingine, tupu. Hakuna anayepiga kelele, lakini habari imeharibika.

Na mfuko ukiwa na etiketi mbili, toka="Rubaya" toka="Walikale"? HTML inashika ya kwanza na kutupa ya pili. XML, ya 1998, inakataa hati nzima. JSX inashika ya mwisho. Kompaila ya Vue 3 inatoa kosa. Maandishi ni yale yale, majibu ni matatu ao manne!

Kwa anayetengeneza kompaila ya templeti, hii si mchezo. Thamani nyingi zinaandikwa na watumiaji. Mtu mbaya akitia alama ya nukuu katikati ya jina lake, na kompaila haikuigeuza, thamani inafungwa pale pale na maneno yanayofuata yanakuwa amri. Ndiyo maana inapaswa kusoma herufi kwa herufi, ikijua kila mara: niko kwenye jina, ao niko ndani ya nukuu?

Huku kwetu tunajua: etiketi inaweza kufungwa kwenye mfuko uliotoka kwingine. Kuandika tu haitoshi. Lazima msomaji awe na kanuni moja, na akatae wazi pale haelewi. Ninyi wa informatique, kompaila yenu ikikuta etiketi mbili, itaamini ipi?