Neno la Mtoto Kwenye Kaunta ya Polisi

Wiki hii nataka tuizungumzie kaunta ya kituo cha polisi. Mtu mzima huiegemea kwa viwiko. Mtoto wa miaka minane akisimama mbele yake, haonekani hata utosi.

Kwa miaka mingi mahakama za Tanzania zilibanwa na kanuni kwamba maneno ya mtoto mdogo asiyekula kiapo hayatoshi kumtia mtu hatiani, mpaka yaungwe mkono na ushahidi mwingine. Maovu haya hutendwa faraghani. Huo ushahidi mwingine ungetoka wapi? Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, na kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kikarekebishwa. Tangu hapo, katika makosa hayo, hakimu akiridhika kwamba mtoto aliyetendewa anasema kweli, anaweza kutia hatiani kwa neno lake peke yake.

Tulishangilia, nami nikiwamo. Tukasahau kwamba mtoto hafiki kwa hakimu bila kupita kwa askari. Niliwahi kukaa kwenye benchi la kituo kimoja nikasikia binti akiulizwa, mbele ya watu waliokuja kuripoti vitambulisho vilivyopotea, “Alikufanya nini? Sema kwa sauti!” Binti akanyamaza. Mama yake akaambiwa wakayamalize nyumbani. Hata fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali hawakupewa.

Mwaka 2008 ikaja sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, isemayo kwamba ridhaa ya mtoto, au ya mzazi wake, si utetezi. Lakini msichana anayeshuka basi na “shangazi” asiyemjua hata baba yake, nani atamtilia shaka kama hakufundishwa?

Utafiti uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na mvulana 1 katika 7. Madawati ya Jinsia na Watoto yaliyofunguliwa vituoni yameleta askari waliofunzwa kumketisha mtoto faraghani, kumwacha aeleze kwa maneno yake, na kumwita ofisa ustawi wa jamii. Nawapongeza. Lakini mtoto aletwaye saa nne usiku hupokewa na askari wa zamu, na ni huyo ninayetaka kujua amefundishwa nini.