Masega Yaliyotolewa: Gari la Kasi na Haki ya Jirani katika Thorncliffe Park

Mtaa wa Thorncliffe Park, ulio juu ya bonde la mto Don mjini Toronto, ulijengwa kuanzia miaka ya 1950 juu ya ardhi iliyokuwa kiwanja cha mbio za farasi, na hata leo majina ya baadhi ya njia zake, Grandstand Place na Milepost Place, yanahifadhi kumbukumbu ya mashindano hayo. Farasi walipoondoka yalisimama majumba marefu ya ghorofa. Na katika eneo hilo, pamoja na Flemingdon Park na Don Mills, walihamia jamaa wengi wa Kihindi wa Afrika Mashariki, wakiwamo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, ambao maisha yao M. G. Vassanji, mwandishi aliyekulia Dar es Salaam, aliyasimulia katika riwaya yake No New Land ya mwaka 1991. Nimeuchagua mtaa huu kwa sababu suala ambalo katika uwanja wa mashindano ni la mafundi peke yao, hapa, ambapo maelfu ya watu hulala juu ya maegesho ya pamoja, huwa ni suala la haki baina ya jirani na jirani: ni ipi hukumu ya mtu anayeondoa katika gari lake la kasi mitambo iliyowekwa kuzuia sumu ya moshi?

Mtambo mkuu kati ya hiyo ni masega, yaani kigae chenye vijitundu vyembamba kwa maelfu, kilichopakwa madini ya platini, paladi na rodi, ambacho kikishapata moto wa nyuzi kati ya 250 na 300 za selsiasi huanza kuigeuza monoksidi ya kaboni, mvuke wa petroli isiyoungua na oksidi za naitrojeni kuwa maji, hewa ya ukaa na naitrojeni isiyodhuru, na kikiiva sawasawa huondoa zaidi ya sehemu 9 katika 10 za sumu hizo. Kando yake ipo valvu irudishayo sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupunguza joto la mwako, lipo kopo la makaa linalofyonza mvuke wa tangi la mafuta, na katika magari mengine ipo pampu ya hewa inayosaidia mara tu injini inapowashwa ingali baridi.

Wenye magari hudai kwamba vitu hivi huibana injini, na hoja yao inastahili kupimwa kwa insafu, kwani si ya uongo mtupu. Katika gari lenye taabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, bomba pana lisilo na masega, likifuatana na kupangwa upya kwa programu ya kompyuta ya injini, huongeza nguvu ambayo dereva huihisi. Na katika gari lisilo na taabo nyongeza hiyo aghalabu huwa ndogo mno, ijapokuwa ngurumo huifanya ionekane kubwa. Lakini tukiitazama mitambo mingine, madai yote huporomoka. Valvu ya kurudisha moshi hujifunga dereva akanyagapo mafuta mpaka mwisho, hivyo kuiondoa hakumwongezei hata chembe ya nguvu pale anapoitaka, ilhali katika mwendo wa kawaida humletea joto kubwa zaidi la mwako, pengine injini kugonga, na matumizi ya mafuta kuzidi. Kopo la makaa halina uzito wa kutajwa, na aliondoaye hupata harufu ya petroli katika gari lake mwenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachotupwa gerejini haikuwa kizuizi cha kasi asilani.

Tuje sasa kwa jirani. Injini ikiwashwa alfajiri ya Januari hupewa mafuta mengi kuliko hewa, na hata gari lililo kamili hutoa uchafu wake mwingi katika dakika hiyo ya kwanza au ya pili, kabla masega hayajashika moto. Tofauti ni kwamba gari kamili hutakasika baada ya hapo, na lililotolewa masega huendelea vivyo hivyo mpaka linakofika na mpaka linaporudi. Yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya gari la namna hiyo katika maegesho ya chini ya jengo aijua harufu yake: ukali unaochoma macho, ladha ya petroli kooni, na nguo zinazonuka mpaka jioni. Monoksidi ya kaboni iliyochanganyika humo haina harufu wala rangi, na ndiyo ya kuogopwa zaidi mahali palipofungwa. Mama anayesubiri lifti na watoto wake kwenda shule hakushirikishwa katika uamuzi huo, wala hana fungu katika raha ya mwendo.

Huenda ikasemwa kuwa magari haya ni machache. Mwaka 2020 idara ya ulinzi wa mazingira ya Marekani ilikadiria kwamba malori madogo ya dizeli zaidi ya 550,000 yalikuwa yameondolewa mitambo hiyo katika muda wa takriban miaka kumi, na kwamba madhara yake kwa hewa yalilingana na kuongeza barabarani malori mengine zaidi ya 9,000,000 yaliyo kamili. Dizeli na petroli zina hesabu mbalimbali, nakiri. Lakini kanuni ni moja, nayo ni kwamba katika jambo hili uchache wa wakosaji haupimi ukubwa wa madhara.

Fundi wa zamani wa Nairobi au Dar es Salaam aliyeyakata masega alikuwa na udhuru wake. Petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa katika nchi nyingi za Afrika hadi mwishoni mwa 2005, na risasi huyafunika madini ya masega mpaka yakafa, kisha vijitundu vikaziba na injini ikakosa pumzi. Kanada iliipiga marufuku petroli hiyo kwa magari ya barabarani mnamo Desemba 1990. Anayefanya hivyo leo karibu na Overlea Boulevard, barabara kuu ya Thorncliffe Park, hawezi kuuazima udhuru huo.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya jimbo la Ontario inakataza kuondoa mitambo hii, na katika mahakama ya Toronto, Januari 2020, kampuni ya Volkswagen ilikiri makosa 60 na kutozwa faini ya dola za Kanada milioni 196.5 katika kesi iliyotokana na magari yaliyofichiwa programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Sioni kwa hujja gani kosa linalotozwa mamilioni likitendwa na kiwanda ligeuke pambo likitendwa gerejini. Lakini mpango wa Drive Clean, uliokuwa ukiyapima magari madogo ya jimbo hilo tangu 1999, ulikomeshwa tarehe 1 Aprili 2019, na tangu siku hiyo gari dogo linaweza kukaa miaka bila kupitishwa kwenye kipimo chochote cha moshi. Sheria imo kitabuni, na mkaguzi ndiye aliyeondolewa. Serikali ya Ontario imrejeshe, na aanze na magari yaliyobadilishwa injini na mabomba. Na mwenye gari ambaye masega yake yangali yamehifadhiwa stoo, ayarudishe mahali pake bila kungoja amri.