Choki, hendeli na asubuhi ya Njombe

Mwezi Julai nilikwenda Njombe kwa baba mkubwa, nikarudi Dar na aibu ambayo naona bora niimwage mwenyewe hapa kabla binamu zangu hawajaimwaga.

Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Njombe mnaijua. Bibi kifua kilimbana, ikabidi awahishwe hospitali. "Mwanangu, kawashe gari," baba mkubwa akaniambia. Gari lenyewe ni Peugeot 404, modeli iliyotoka mwaka 1960, ile ambayo Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa kwetu, alishindia Safari Rally mwaka 1966 na 1967. Mimi msomi wa Mlimani nikakanyaga mafuta kama mara kumi, nikapiga stata. Kimya. Nikakanyaga tena... mpaka harufu ya petroli ikajaa uani na betri ikaanza kuchoka.

Kosa langu lilikuwa hili. Petroli ikiwa majimaji haiwaki vizuri, kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, takriban sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli kwa uzito. Injini ikiwa ya baridi, petroli nyingi inanata kwenye kuta za njia ya hewa, kwa hiyo kinachofika kwenye plagi ni hewa tupu, karibu. Ndiyo maana ya choki: kibati kidogo mdomoni mwa kabureta kinachobana hewa ili injini ivute petroli zaidi. Mimi choki sikuigusa kabisa! Nilichofanya ni kurusha petroli kwa pedeli mpaka plagi zikalowa.

Zamani ilikuwa hatari zaidi. Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa hendeli mbele ya injini, na injini ikiwaka kabla ya wakati hendeli inarudi nyuma kwa nguvu. Watu walivunjika mikono. Charles Kettering, fundi wa Dayton, Marekani, ndiye aliyetengeneza stata ya umeme iliyowekwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Ford Model T, gari la walalahoi wa kule, lilisubiri mpaka 1919. Lakini stata inazungusha injini tu. Suala la mchanganyiko wa petroli na hewa lilibaki mikononi mwa dereva na choki yake. Volkswagen Beetle ikaja na choki ya kujiendesha mwanzoni mwa miaka ya 1960, yenye springi inayojikunjua ikipata joto. Mwaka 1967 Volkswagen hao hao wakatoa 1600 yenye mfumo wa Bosch wa kupuliza petroli kwa umeme. Vitz yako inafanya kazi ileile ya choki, ila kompyuta inapima joto la injini na kuongeza petroli bila kukuuliza. Ndiyo maana vijana wa rika langu hatujui kitu.

Turudi uani. Baba mkubwa hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alifungua plagi nne, akazikausha jikoni juu ya mkaa, akazirudisha. Kisha akachomoa hendeli kwenye buti (404 bado ina tundu lake!). Kidole gumba akakiweka upande mmoja na vingine, ili hendeli ikirudi isimvunje. Choki imefungwa? Hapana, ndani kulikuwa na petroli ya kutosha, aliiacha wazi. Mzungusho wa tatu gari likakohoa, wa nne likanguruma. Dakika arobaini zilikuwa zimepita. Bibi alikutwa na nimonia, akalazwa siku nne. Sasa yuko nyumbani, anakula ulanzi kwa siri.

Baadaye mzee alinifundisha. Gari likikaa wiki nzima petroli ya kwenye bakuli la kabureta huwa imeyeyuka hewani, kwa hiyo piga stata kidogo kwanza pampu ijaze. Fungua kifuniko cha chujio uone kama kibati cha choki kinaziba kweli, waya wake huwa unalegea. Safisha vichwa vya betri. Vuta choki, kanyaga mara moja, piga. Likiwaka, rudisha choki kidogokidogo, maana petroli ikizidi inaosha oili kwenye silinda.

Nimeyaandika yote kwenye daftari. Ufunguo lakini, naambiwa, siku hizi analala nao chini ya mto.