Ngazi Zilizoboreshwa Zawavuta Watu Kuepuka Lifti
Ngazi hukwepwa si kwa uvivu tu. Nyingi zimefichwa nyuma ya milango mizito, hazina mwanga wala cha kutazama. Kasoro hiyo ilishughulikiwa mjini Atlanta, Marekani, katika jengo la CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti maradhi, kati ya 1998 na 2002. Ngazi zilipakwa rangi na kutandikwa zulia, picha zikatundikwa ukutani, kisha yakaongezwa mabango ya kuhimiza na, hatimaye, muziki. Vitambuzi vilivyowahesabu wapitao vilionyesha ongezeko la watumiaji. Kwa kuwa hatua hizo zilifuatana, picha pekee haziwezi kupewa sifa yote. Lifti, bila shaka, zilibaki. Wapo wenye ulemavu, wagonjwa na wenye mizigo.