Kijiti, kifimbo na mwenge

Mwanafunzi wa Nyabibuye, wilayani Kakonko, anayekimbia mbio za kupokezana kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, hushika kijiti, hata kama ni kipande cha mti kilichochongwa kwa panga asubuhi ileile. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, kitu cha namna hiyohiyo magazeti yetu yalikiita Kifimbo cha Malkia. Naona yalichagua vizuri. Kijiti ni chombo cha mashindano. Kifimbo ni cha heshima, na Mtanzania akilisikia neno hilo humwona Mwalimu Nyerere na chake mkononi. Tena hicho cha Madola, kilichoanza na michezo ya Cardiff mwaka 1958, hubeba ujumbe unaosomwa siku ya ufunguzi.

Olimpiki wana mwenge, uliokimbizwa mara ya kwanza kuelekea Berlin mwaka 1936. Wetu Watanzania, Mwenge wa Uhuru, uliwashwa Kilimanjaro mwaka 1961, nao “hukimbizwa” wilaya kwa wilaya, Kakonko ikiwemo. Kitenzi chenyewe ni kile cha kumkimbiza mwizi! Lakini hapa hakuna anayefukuzwa: mwenge hukimbia kwa miguu ya aliyeubeba, na siku hizi zaidi kwa magurudumu.