Kununua pamoja: kutoka Rochdale 1844 hadi parkingi ya taxi Butembo

Leo ninaanza na habari ndogo ya parkingi moja hapa Butembo.

Madereva 20 wa taxi walipatana kununua vifuniko vya tablo. Tablo ni ile sehemu ya mbele ya gari, chini ya kioo. Magari yetu mengi yanafika hapa yakiwa yamekwisha kutumika Japani miaka mingi, na jua la karibu na ikweta linamalizia kazi: plastiki inapauka, kisha inapasuka. Kifuniko kilichokatwa sawasawa na gari kinalinda tablo, na kinazuia mwangaza usimrudie dereva machoni. Lakini fundi akikata kwa gari moja tu, bei inapanda, kwa sababu kazi kubwa ni kuchora kipimo. Kipimo kikiisha kuchorwa, kukata 1 au 20 ni karibu kazi ileile.

Kila mmoja alipaswa kutoa dola 15. Aliyekusanya hakuandika kitu, aliyashika majina kichwani tu. Wengine waliahidi kulipa mzigo ukifika. Mfanyabiashara mmoja akaagiza Dubai. Kule wanaendesha upande wa kuume wa njia, na magari yao yana usukani kushoto. Magari ya parkingi yetu yana usukani kuume, kama yalivyotoka Japani. Hakuna aliyelisema hilo wakati wa kuagiza. Vifuniko vilipofika, havikuingia hata kwenye gari moja. Walioahidi kulipa baadaye wakakataa. Waliolipa wakamgeukia mkusanyaji. Watu waliokula sahani moja wakaacha kusalimiana.

Dola 15 ni kitu gani? Kwa dereva anayempelekea mwenye gari vérsement kila jioni, ni chakula cha nyumbani kwa siku kadhaa. Ndiyo maana nimeona vema tuangalie historia. Kununua pamoja kumevunjika mara nyingi kabla yetu, na kuna waliojua sababu.

Twende Uingereza, katika mji wa Rochdale, mahali pa viwanda vya kufuma nguo. Miaka ya 1840 ilikuwa ya njaa kwa wafumaji. Mishahara ilikuwa midogo, na maduka yaliwauzia unga uliochanganywa na vitu vingine ili uzito uongezeke. Mwaka 1833 watu wa mji huo walikuwa wamefungua duka la pamoja. Lilidumu miaka 2 tu. Wanachama walichukua vitu kwa deni, madeni hayakulipwa, na duka likafungwa.

Wengine wangesema basi, kushirikiana hakuwezekani. Lakini tarehe 21 Desemba 1844 watu 28 walifungua duka jipya katika njia iitwayo Toad Lane. Mtaji wao ulikuwa pauni 28, uliokusanywa senti kwa senti, wiki kwa wiki. Siku ile walikuwa na siagi, sukari, unga, oti na mishumaa tu. Wenye maduka makubwa waliwacheka.

Walichobadilisha ni kanuni. Hakuna deni: unalipa kwanza, unachukua. Bidhaa ni safi na kipimo ni kamili. Kila mwanachama ana kura moja, awe na pesa nyingi au kidogo, na wanawake nao walikuwa na kura. Hesabu zinasomwa mbele ya wote. Faida inagawanywa kulingana na ununuzi wa kila mtu, si kulingana na ukubwa wa mtaji wake. Mwisho wa 1845 walikuwa wanachama 74. Mwaka 1850 walifika 600. Mwaka 1895, vyama vya ushirika vya nchi mbalimbali vilipoungana London katika umoja wa dunia, mfano wa Rochdale ulikuwa umekwisha kuenea mbali.

Mtu atasema: hayo ni ya Wazungu. Hapana. Sisi wa Butembo tuna historia yetu. Baada ya tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazairwa, maduka mengi ya nchi yalipewa watu wasiojua biashara, na rafu zikabaki tupu. Serikali ilizidi kuwa mbali nasi, na barabara ziliharibika. Wafanyabiashara wa hapa walijifunza kutegemeana. Wenye mtaji mdogo waliunganisha mizigo yao ndani ya kontena moja, ile tunayoiita grupaji. Kontena lililoletwa nusu tupu linalipiwa safari yote vilevile, basi heri lijazwe na watu 10. Ndivyo mizigo ya Dubai, na baadaye ya Uchina, ilivyopita Mombasa, Kampala na Kasindi mpaka hapa.

Katika grupaji kila furushi lina alama ya mwenyewe, na kila mmoja ana karatasi yake. Aliyemdanganya mwenzake hapewi tena nafasi. Watu wanaaminiana, ndiyo, lakini imani yao inalindwa na alama na karatasi.

Hata sheria inajua jambo hili. Wakati wa ukoloni, dekreti ya tarehe 24 Machi 1956 ilipanga vyama vya ushirika vya wenyeji, na tangu 2012 nchi yetu imo katika OHADA, yenye sheria yake ya ushirika. Lakini kikundi cha watu 20 hakihitaji kuanza na wakili. Kinaweza kuanza na daftari.

Madereva wetu walianza tena hivyo. Wazee wa parkingi waliwapatanisha, na mara hii watu 3 walishika pesa, si mmoja. Kila aliyelipa alitia saini. Ambaye hakulipa hakuandikwa. Waliandika aina ya gari, mwaka wake na upande wa usukani. Walikata kipimo cha katoni, wakakiweka juu ya tablo, wakaacha wazi matundu ya hewa na mahali airbag ya abiria inapofungukia, maana kifuniko kikiziba pale kinaweza kumdhuru mtu siku ya ajali. Kisha waliagiza kifuniko 1 tu kwa fundi wa Kampala. Kilipoingia vizuri, ndipo wakaagiza 19 vilivyobaki. Leo vyote viko ndani ya magari.

Ninawaandikia hasa ninyi ndugu mliokimbia vita, mliofika hapa tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwezi Juni 2024, na wengine mliotangulia. Ninajua kifuniko cha tablo si shida yenu. Lakini mama anayenunua maharagwe kwa kikombe sokoni analipa zaidi kuliko anayenunua gunia. Akina mama 10 wakiungana, gunia ni lao. Wengi wenu mlikuwa katika likelemba au AVEC kule mlikotoka. Sanduku lilibaki kijijini, lakini kanuni mlikuja nazo.

Basi shikeni haya manne: pesa kwanza, daftari wazi, watu watatu kwenye sanduku, na kupima kabla ya kuagiza. Na yule anayesema "niaminini tu, hakuna haja ya kuandika", mwambieni kwa heshima: ndugu yetu, tunakuamini, ndiyo sababu tunaandika.